Kabureta ya Gari la Zamani: Yanayosemwa Gereji na Yaliyo Kweli

Mwenye Peugeot 504, Morris Minor au Land Rover ya zamani hapa Mombasa hakosi washauri. Fungua boneti Mwembe Tayari au Changamwe, na kila anayepita ana dawa yake ya kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Baadhi ya dawa hizo zinafaa. Nyingine ndizo zinazoua kabureta zilizodumu miaka hamsini, na hizo ndizo ninazotaka kuzijibu, kwa sababu vipuri vya asili vinaadimika kila mwaka na tundu la petroli likishapanuliwa halirudi udogo wake.

"Gari linakohoa, basi ni kabureta"

Huenda, lakini usishike bisibisi bado. Pointi za distributa zilizoungua, kondensa mbovu au taimingi (wakati wa kutoa cheche) iliyohama huleta kikohozi hichohicho. Angalia umeme kwanza, kisha chujio, pampu na mipira ya petroli. Angalia na petroli yenyewe: iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya injini igonge hata kabureta ikiwa nzima. Uchanganyaji huo ulikithiri hadi mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha.

Halafu chomoa plagi zote na uzipange kwa mfuatano wa silinda. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Masizi meusi makavu yanasema petroli imezidi. Weupe unasema hewa imezidi. Ikiwa plagi moja tu ni nyeusi na tatu ni safi, usiilaumu kabureta moja inayolisha silinda zote nne.

"Jeti imeziba? Tia waya"

Hili ndilo kosa linaloniuma kuliko yote. Kabureta ni chombo cha kupima, kama mizani ya dukani, na jeti, kile kipande kidogo chenye tundu la kupitisha petroli, ndiyo jiwe lake la kupimia. Kwenye kabureta za Solex na Weber, namba iliyochapwa juu ya jeti kuu ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: 125 maana yake milimita 1.25. Jeti imetengenezwa kwa shaba laini, na waya ni chuma. Ukilikwangua tundu hilo likafika milimita 1.35, jicho halitaona kitu, ila eneo la kupitisha petroli limekua kwa karibu asilimia 17. Tangu hapo gari litanuka petroli na kula mafuta, na kila atakayelifungua atahangaika na skrubu ambazo hazina kosa.

Loweka jeti kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha puliza kwa upepo wa kompresa kutoka pande zote mbili. Uchafu ukigoma, pitisha kipande cha mshipi wa kuvulia; nailoni haichubui shaba. Ila toa floti, lile boya linalotawala kimo cha petroli, kwanza kabla ya kuleta kompresa karibu, maana upepo ule huweza kuibonyeza.

"Ilaze kwenye ndimu au siki usiku kucha"

Kabureta nyingi za zamani zimemiminwa kwa aloi ya zinki au ya aluminiamu, na asidi hula zinki. Kesho yake itang'aa kweli, lakini kilichong'arishwa ni ngozi iliyoliwa, pamoja na kuta za njia ndogo ndogo usizoweza kuziona. Maji ya betri ndiyo mabaya zaidi.

Wengine huamini kwamba chumvi ya bahari hula bodi tu na kabureta iko salama kwa kuwa haipati kutu. Ni kweli haipati ile kutu nyekundu. Lakini gari likilala wiki kadhaa Nyali au Likoni, unyevu huingia, maji hutua chini ya bakuli la floti kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, na hapo huota unga mweupe unaovunjikavunjika na kwenda kuziba jeti. Kwa nje, pale skrubu ya chuma inapoushika mwili wa zinki, hewa ya chumvi huifanya ing'ang'anie. Usiilazimishe. Tia mafuta ya kulegeza kutu, iache hadi kesho, tumia bisibisi inayojaa mfereji wa skrubu.

Gari la kulala muda mrefu lifungiwe petroli huku injini ikinguruma, hadi bakuli liishe na injini izime yenyewe.

"Nimetia ripeakiti, sasa ni mpya"

Pakiti ile huwa na gasketi, sindano ya floti na mipira midogo. Haina mwili mpya. Shika shafti ya kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, na uitikise juu na chini, si kuizungusha. Ikicheza, hewa inaingia pembeni bila kupimwa, na hakuna skrubu itakayotuliza mngurumo wa gari likiwa limesimama. Kuthibitisha, paka grisi nzito kwenye ncha za shafti injini ikiwaka. Mngurumo ukibadilika, umempata mwizi. Dawa yake ni kwa fundi wa kukereza vyuma: tundu la shafti lipanuliwe na litiwe bushi ya shaba.

Kisha weka rula ya chuma juu ya kila uso wa kuungana, uitazame dhidi ya mwanga. Kabureta ya Zenith 36IV ya Land Rover inajulikana kwa kupinda hapo, na kuikaza zaidi huzidisha mpindo. Laza msasa laini juu ya kioo kinene, usugue taratibu hadi uso uwe bapa.

"Gasketi imekosekana, paka silikoni"

Usithubutu. Silikoni ya kawaida huvimba na kumeguka kwenye petroli, na vipande vyake huishia kwenye jeti. Nunua karatasi ya gasketi, ukate mwenyewe.

"Floti haina mambo"

Inayo. Kimo cha petroli kwenye bakuli huamua mchanganyiko katika kila mwendo, kwa hiyo pima kwa rula kulingana na kitabu cha gari lako. Floti ya shaba izamishe kwenye maji ya moto: mapovu yakitoka, ina tundu. Ukiilehemu, hakikisha kwanza hakuna hata tone la petroli ndani, maana moto na mvuke wake hulipuka. Na utumie risasi kidogo mno. Floti iliyoongezeka uzito huzama zaidi na kuinua kimo cha petroli.

"Petroli nyingi, nguvu nyingi"

Kwa kuungua kikamilifu, gramu moja ya petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Nguvu ya juu hupatikana petroli ikizidi kidogo, karibu 1 kwa 13. Zaidi ya hapo inaosha oili kwenye kuta za silinda.

"Nairobi lilikuwa likienda vizuri, kwa hiyo seti ni sawa"

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko yetu. Fundi wa kule hupunguza petroli, mara nyingine kwa kutia jeti ndogo, na anafanya sawa. Gari hilohilo likiteremka pwani hewa inazidi: injini hupata moto kupita kiasi, hupiga chafya kwenye kabureta, na ukiendelea hivyo valvu huungua. Soma namba ya jeti na uilinganishe na ya mtengenezaji. Skrubu ya mchanganyiko iguswe mwisho, injini ikishapata moto na choki (ya kuwashia injini baridi) ikiwa imerudishwa, kwani kwenye Solex, Weber na Zenith inatawala mngurumo wa chini tu, gari likiwa limesimama. Ukikanyaga mafuta kwenye barabara ya Malindi, anayelisha injini ni jeti kuu.