"Tutakuja watu mia": dhana potofu kuhusu siku ya wafanyakazi kujitolea

Ofisi ya rasilimali watu ya kampuni ikipiga simu kuomba kupangiwa siku ya kujitolea, cha kwanza kutajwa huwa ni idadi. "Tutakuja watu mia." Shule haijachaguliwa, kazi haijulikani, mwalimu mkuu hajaulizwa, lakini mia ipo na fulana zimeshaagizwa. Tuanze na hiyo mia, maana ndiyo inayoharibu siku hizi kuliko hata mvua.

Dhana: watu wakiwa wengi, kazi itafanyika nyingi

Si kweli. Kinachoamua ni nafasi, vifaa na muda wa rangi kukauka. Kupaka rangi madarasa ya shule ya msingi ndiyo kazi inayopendwa na kampuni nyingi za Dar es Salaam, basi tuipigie hesabu.

Darasa la kawaida lina kama mita 9 kwa 7, kuta za mita 3. Ukitoa madirisha, mlango na ubao, unabaki na mita za mraba kama 75. Sehemu ya chini, hadi mita 1.2 hivi, inapakwa rangi ya mafuta ili uchafu wa mikono na viatu ufutike; juu ni rangi ya maji. Lita moja ya rangi ya maji juu ya plasta laini inafunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, na ukuta unataka mikono miwili. Kwa hiyo madarasa mawili yanamalizwa na ndoo moja ya lita 20 ya rangi ya maji na galoni nne za lita 4 za rangi ya mafuta. Plasta ikiwa ya mchanga mkavu inayonyonya, ongeza robo.

Sasa hesabu watu. Darasa moja linabeba watano: wawili kwenye rola, wawili wa brashi wanaokata kona na pembeni mwa madirisha, na mmoja wa kugawa rangi na kufuta matone sakafuni kabla hayajakauka. Wa sita anaanza kuwakanyaga wenzake. Madarasa manne ni watu 20. Wale 80 waliobaki watafanya kile wanachofanya siku zote: watapiga picha, watashika brashi dakika tatu kila mmoja, na watapaka pale pale alipopaka mwenzao muda si mrefu, rangi ikiwa bado mbichi. Hapo ndipo rola inavuta rangi ya chini na kuacha mabaka, na michirizi inashuka hadi kwenye ubao. Jumatatu mwalimu mkuu anatafuta fundi wa kurekebisha, kwa hela ya shule.

Tatizo la pili ni saa. Rangi ya maji inataka saa mbili hadi nne kati ya mkono wa kwanza na wa pili, na wakati wa masika zaidi ya hapo. Rangi ya mafuta inataka kulala usiku kucha. Ratiba ya kampuni, kwa upande wake, huwa hivi: basi linafika saa tatu na nusu, hotuba zinaisha saa tano, mkono wa kwanza unakamilika saa saba, chakula, picha ya pamoja, saa tisa watu wanaondoka. Mkono wa pili haupakwi. Ukuta unaonekana mzuri kwenye picha, na ukiuangalia kwa karibu chokaa ya zamani inachungulia.

Chokaa nayo ina lake. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, rangi mpya itabanduka kama ganda kabla ya mwaka kuisha. Ukuta huo lazima ukwanguliwe, uoshwe, uachwe ukauke, nyufa zizibwe kwa puti, upigwe msasa, ufutwe vumbi, ndipo upakwe praima, rangi ya msingi inayoshikisha ile ya juu. Rangi ya mafuta ya zamani msiisugue ikiwa kavu, kwa sababu inaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Ilowesheni kwanza, mtumie msasa wa maji, na maganda yakusanywe. Kazi hii ni ya fundi, na ifanyike siku mbili tatu kabla.

Ushauri ni ule ule kila mara, na kila mara unapokelewa kwa shingo upande: gaweni watu kwa zamu. Watu 25 kwa Jumamosi nne, Coaster moja kila safari, ndani ya likizo ya Juni au Desemba ili harufu ya rangi ya mafuta iishe kabla wanafunzi hawajarudi. Mafundi wawili wa kulipwa wamalize matayarisho na mkono wa kwanza wa mafuta kabla ya Jumamosi ya kwanza. Watu 20 wapake, watano wapige msasa na kugongomea madawati. Nunueni rola zenye mpini mrefu, maana bila hizo mtamkuta mhasibu amesimama juu ya meza iliyopandishwa juu ya dawati. Mgeni rasmi aje saa nane, kazi ikiwa imekwisha. Hotuba ya asubuhi inakula saa za kukausha rangi.

Na msipange kununua kilichopungua asubuhi ile ile. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, na katika manispaa nyingi maduka hayafunguliwi mpaka saa nne hivi.

Dhana: mwalimu mkuu amekubali, basi tumeruhusiwa

Mwalimu mkuu si mwenye shule. Barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa elimu na mtendaji wa kata, wiki tatu au nne kabla, ikitaja kazi, tarehe na idadi ya watu. Kamati ya shule iulizwe inachohitaji. Mara nyingi jibu ni matundu ya vyoo au tenki la maji, na rangi haitajwi kabisa. Picha za watoto zinahitaji ridhaa ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 na ukurasa wa kampuni haujasamehewa.

Dhana: kujitolea ni lazima kwa wote

Mkiita majina na kumwandikia barua asiyekuja, hiyo ni kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi zinalipwa angalau mara moja na nusu. Asiyetaka abaki nyumbani. Na uongozi utoe barua inayotaja shughuli, mahali na saa, ili mtu akianguka kusiwe na ubishi kama alikuwa kazini au matembezini.

Dhana: usafi wa ufukwe hautaki maandalizi

Unataka gari. Viroba 200 vilivyorundikwa kando ya barabara bila lori la kuvipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi, mbwa watavichana usiku na mvua itarudisha kila kitu baharini. Lipieni lori kwanza, glavu baadaye, na glavu ziwe nene, maana kuna sindano na chupa zilizovunjika. Angalieni pia jedwali la maji kupwa na kujaa: anzeni yakiwa yanapwa, si yanapojaa.

Dhana: tunaweza kuchangia damu kisha tukachimba mashimo

Hapana. Aliyetoa damu anapumzika na kunywa maji. Kazi nzito siku hiyo ni mwiko. Tengeni siku mbili. Mchangiaji awe na kilo 50 au zaidi, awe amekula, na kama ni mwanaume iwe imepita miezi mitatu tangu mara ya mwisho, mwanamke minne.

Dhana: Juni 5 ni siku nzuri ya kupanda miti

Ni Siku ya Mazingira Duniani, sawa. Lakini Dar es Salaam na Pwani masika yanakuwa yamekatika, na mvua ya maana hairudi mpaka vuli, Oktoba au Novemba. Mche mchanga unahitaji kama lita 10 mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi. Miche 200 ni lita 4,000 kila wiki, kwenye shule yenye tenki la lita 5,000 linalotumika pia kwa vyoo. Tarehe 5 pandeni miche 20 ya picha kama hamna budi, mashimo ya sentimita 45 kila upande, na samadi debe nusu. Hiyo 180 iacheni kwenye kitalu mpaka mvua za vuli zishike, na kabla hamjaondoka mkubaliane kwa maandishi nani anamwagilia na nani analipa bili ya maji.