Mwizi aliyejiandikia sifa: Gjest Baardsen katika filamu ya 1939

Ninapofundisha filamu za kihistoria, huanza na mwizi wa Norwei. Gjest Baardsen alizaliwa 1791 huko Sogndal, magharibi mwa nchi, ambako bahari imepenya kilomita nyingi katikati ya milima. Aliiba, akakamatwa, akatoroka. Akaiba tena, akafungwa tena, akatoroka tena, mpaka watu wakaamini hakuna kufuli la kumweza. Mwaka 1827 akatiwa ndani ya ngome ya Akershus, katika mji ambao leo ni Oslo, kifungo cha maisha.

Humo alifanya jambo ambalo kwangu linapita kutoroka kwake kote: alishika kalamu. Aliandika maisha yake mwenyewe, na katika maandishi yake yeye ni mwerevu, mcheshi, mwenye huruma kwa wanyonge. Vitabu vilianza kutoka miaka ya 1830, mwenyewe angali kifungoni. Alipopata msamaha 1845, alizunguka akiviuza kwa mkono wake hadi alipofariki Bergen, 1849.

Filamu yenyewe ni ya mwongozaji Tancred Ibsen, mjukuu wa waandishi wawili wakubwa wa Norwei: Henrik Ibsen kwa baba na Bjørnstjerne Bjørnson kwa mama. Gjest aliigizwa na Alfred Maurstad, aliyekuwa nyota wa *Fant*, filamu ya mwongozaji huyohuyo ya 1937. Katika filamu hii ya 1939 mwizi amekuwa muungwana: anawanyang'anya wenye nacho, anawasaidia maskini, anapendwa. Filamu ni nzuri, naipenda kwa dhati, na sioni aibu kumshangilia Gjest kila ninapoitazama.

Wanafunzi huniuliza kama ni kweli. Mimi huwajibu kwamba filamu imemsikiliza mshtakiwa peke yake. Wakulima walioamka wakakuta sanduku tupu hawakuandika vitabu. Tena wasomaji wa Gjest walikuwa na sababu ya kumpenda: Norwei ilitoka mikononi mwa Denmark 1814, ikaishia chini ya mfalme wa Sweden hadi 1905, na maofisa waliotawala vijijini walikuwa tabaka lililojitenga na wanakijiji. Mtu aliyewahangaisha maofisa hao usiku kucha aliwafurahisha wengi, hata wale ambao angeweza kuwaibia kesho yake.

Kwa hiyo kabla ya kuzima taa, huwapa wanafunzi kazi moja: hesabuni ni watu wangapi walioibiwa wanaopewa nafasi ya kusema.