Mungu siyo sehemu ya dunia, na dunia siyo mali ya shetani

Nikienda kufundisha semina kwenye jumuiya, iwe Tabata, Kimara au kule Mbagala, kuna swali moja halikosekani, na mara nyingi linatoka kwa kijana wa Kipaimara aliyekaa nyuma kimya muda wote: mwalimu, samahani, kama kila kitu kimeumbwa na Mungu, sasa Mungu mwenyewe kaumbwa na nani? Wazee wanageuka kumkata jicho kama vile kakosa adabu. Mi huwa nafurahi sana, kwa sababu mafundisho yote ya Kikristo kuhusu Mungu na ulimwengu yanaanzia hapo hapo, na mtu asipojibiwa vizuri akiwa na miaka kumi na nne atakuja kuhangaika nalo akiwa na arobaini.

Jibu langu ni hili. Swali linamweka Mungu kwenye foleni moja na vitu vingine, yaani kuna jiwe, kuna mbuyu, kuna jua, kuna malaika, halafu mwisho kabisa yupo Mungu ambaye ni mkubwa kuliko wote. Kanisa halifundishi hivyo. Ukijumlisha kila kitu kilichopo, kuanzia mchanga wa Coco Beach mpaka nyota ya mbali kabisa, halafu ukasema "na Mungu", hujaongeza kitu kimoja kwenye hesabu. Vitu vyote tunavyovijua vingeweza visiwepo. Mbuyu ungeweza usiote, mimi ningeweza nisizaliwe, na ndo maana kila kimoja tunauliza kimetoka wapi. Mungu hayuko hivyo, yeye hana hali ya "angeweza asiwepo", hakuupokea uwepo wake kutoka kwa mtu. Thomaso wa Akwino, yule mdominiko wa karne ya 13, aliliweka wazi kwamba viumbe vina uwepo kwa kupewa, Mungu ni uwepo wenyewe. Kwahiyo kuuliza nani kamuumba ni kuuliza kuhusu mungu mwingine mdogo, ambaye Wakristo hata hawamwamini.

Sasa ukishalishika hilo, neno "kuumba" lenyewe linabadilika kichwani. Chukua fundi wa Keko anayetengeneza kabati. Kwanza lazima awe na mbao, kama mninga umepanda bei basi kabati litakuwa la mti mwingine, pili akishamaliza akapokea hela yake akaenda zake, kabati linabaki limesimama hata miaka thelathini, fundi awe hai au kafa. Watu wengi wanamfikiria Mungu kwa mfano huo, na unakosea sehemu zote mbili.

Kuhusu mbao, wanafalsafa wa Kigiriki walikuwa nayo picha hiyo. Plato kwenye Timaeus anamweleza msanifu wa ulimwengu ambaye anakuta malighafi iliyovurugika akaipanga ikawa na sura nzuri. Hata Wakristo wa mwanzo kabisa wapo walioongea karibu karibu na hivyo. Ila karne ya 2 watu kama Teofilo wa Antiokia na Ireneo wa Lyon wakaona hatari yake: kama ile malighafi ilikuwepo yenyewe bila Mungu, basi kuna kitu ambacho hakimhitaji Mungu, na Mungu anakuwa na mpaka. Ndo wakasisitiza kwamba Mungu aliumba bila kutumia chochote kilichokuwepo. Na hawakulitoa hewani. Kwenye kitabu cha pili cha Wamakabayo sura ya 7 kuna yule mama ambaye wanae saba wanauawa mbele ya macho yake kwa sababu wamekataa kuvunja Sheria, naye anamwambia yule wa mwisho aangalie mbingu na dunia na ajue kwamba Mungu hakuvifanya kutoka katika vitu vilivyokuwepo. Ebu fikiria mahali lile fundisho lilipotamkwa. Siyo darasani. Ni mama anamtia moyo mtoto anayekwenda kufa, maana yake kama Mungu aliweza kutuita pale ambapo hapakuwa na kitu, hata kifo hakiwezi kumzuia asikurudishe kwangu.

Na kuhusu fundi kuondoka, hapo ndo pazuri zaidi kwangu. Uumbaji siyo tukio la zamani ambalo likishaisha Mungu akapumzika na dunia ikawa inajiendesha yenyewe. Zaburi ya 104 inasema Mungu akiondoa pumzi ya viumbe wanakufa, na Paulo akiwa Athene, Matendo sura ya 17, anasema ndani yake tunaishi. Sasa hivi unavyosoma hapa, umekaa kwenye mwendokasi au uko kitandani, upo kwa sababu Mungu anakupa kuwepo sasa hivi. Thomaso alifika mbali akasema hivi, hata kama ulimwengu ungekuwa haukuwa na mwanzo, bado ungekuwa umeumbwa, kwa sababu kuumbwa ni kumtegemea Mungu kwa uwepo wote, suala la lini ni lingine. Kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo yeye aliamini kwa imani, akasema kwa akili peke yake huwezi kulithibitisha wala kulikanusha. Wenzake wengi walimpinga kwenye hilo lakini hakurudi nyuma.

Ndo maana huwa sina presha kabisa mtu akiniletea clip ya big bang, ile nadharia ya kisayansi ya mwanzo wa ulimwengu, kwenye WhatsApp kama vile ndo imemaliza kazi. Wengi hawajui kwamba mmoja wa waanzilishi wakubwa wa hiyo nadharia alikuwa padri Mkatoliki, Mbelgiji, Georges Lemaître, alichapisha kazi yake ya ulimwengu unaotanuka mwaka 1927 na mwaka 1931 akaleta wazo la chembe moja ya mwanzo. Mwaka 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba iliyoonekana kuutumia ugunduzi huo kama ushahidi wa uumbaji, na huyo padri mwenyewe hakufurahia, kwake nadharia ile ilikuwa fizikia na ibaki fizikia. Alikuwa sahihi. Sayansi inaeleza jinsi kitu kimoja kinavyotokana na kingine, teolojia inauliza kwa nini kuna kitu chochote kabisa badala ya pasiwe na kitu, na hilo la pili hakuna darubini inayoweza kuliona.

(Lile la "Mungu alikuwa anafanya nini kabla hajaumba" Agostino alishalimaliza kwenye Maungamo, kitabu cha 11: muda nao ni kiumbe, kwahiyo hakuna "kabla" ambayo Mungu alikuwa amekaa anasubiri.)

Haya, sasa niingie kwenye jambo ambalo ndo hasa limenifanya niandike, kwa sababu hapa mjini linaumiza watu kweli. Kama kuna mstari mmoja tu, upande huu Muumba na upande ule viumbe, shetani yuko upande gani? Ukisikiliza maombi mengi ya usiku utadhani kuna miungu wawili wanapigana, mmoja mwema mmoja mbaya, nguvu zao karibu sawa, na sisi tuko katikati tunaombea yule mwema ashinde. Mtu kakosa kazi, shetani. Gari limegonga, shetani. Mtoto kafeli, kuna nguvu za giza za ukoo. Mi siwaambii watu kwamba uovu haupo, Yesu mwenyewe alitoa pepo, lakini shetani ni kiumbe. Yuko upande wetu wa mstari, na mwenyewe naye anashikiliwa na Mungu ili awepo. Mtaguso wa nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, ulilitamka waziwazi: shetani na pepo wengine waliumbwa na Mungu wakiwa wema kwa asili yao, wakawa wabaya kwa matendo yao wenyewe. Ulilisema kwa sababu kusini mwa Ufaransa kulikuwa na Wakathari waliofundisha kwamba kuna chanzo cha mema na chanzo cha mabaya, na kwamba vitu hivi vya kushikika vimetoka kwa huyo mbaya.

Fundisho la hao watu halikuwa jipya. Karne ya 2 alikuwepo Marcion, mtoto wa mji wa Sinope kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, tajiri mwenye mambo ya meli, akaja Roma na kulitolea Kanisa sesterti 200,000, yaani sarafu za Kirumi. Akaanza kufundisha kwamba Mungu aliyeumba dunia, yule wa Agano la Kale, ni mwingine na wa chini, na Baba yake Yesu ni mwingine tofauti. Mwaka 144 Kanisa la Roma likamtenga, na hela yake likamrudishia. Hapo huwa nasimama kidogo nikifundisha, maana hizo zilikuwa hela nyingi mno, na Kanisa lilikuwa dogo, linawindwa, lina wajane wa kulisha, lakini lilikubali kuzikosa ili liendelee kusema Mungu ni mmoja na huyo huyo ndiye aliyeiumba dunia hii na akaiona ni njema sana. Aliyekuja kumjibu Marcion kwa vitabu vitano ni Mwafrika, Tertuliano wa Karthago. Na Agostino naye, Mwafrika mwingine, alikaa na Wamani, yaani wafuasi wa mwalimu aliyeitwa Mani, kama miaka tisa akiamini mwanga na giza vinapigana tangu milele, mpaka alipokuja kuona kwamba uovu siyo kitu kinachojitegemea, ni upungufu ndani ya kitu chema, vile upofu unavyolihitaji jicho ili uwepo.

Kuna mama mmoja baada ya semina alinivuta pembeni. Akafungua pochi akanionyesha kachupa ka mafuta na kadi yake ya kliniki ya sukari, akaniambia mtumishi mmoja anayesali kwake siku za katikati ya wiki amemwambia achague, vidonge ni vya dunia na mafuta ni ya Mungu. Alikuwa ameshaacha vidonge. Nilimwambia mama, tufungue Biblia, tukaenda Yoshua bin Sira sura ya 38, panaposema Bwana ndiye aliyeumba dawa kutoka katika ardhi na mtu mwenye busara hatazidharau. Nikamwomba asubuhi yake arudi kliniki kabla ya mambo mengine yote, dawa ameze huku anasali, hayo mawili hayagombani hata kidogo. Mafuta yenyewe yametoka wapi kama siyo kwenye mmea uliota kwenye udongo huu huu? Huwezi kuumiza mwili wa mtu halafu ukasema unamtetea Mungu aliyeuumba. Hii kwangu siyo tofauti ndogo ya madhehebu, ni Marcion karudi na kipaza sauti.

Na Yesu je, yuko upande gani wa mstari? Ndilo swali lililolitikisa Kanisa karne ya 4. Ario, padri wa Aleksandria, alimheshimu sana Kristo, alimweka juu ya malaika wote, ila alisema kulikuwa na wakati hayupo, yaani ni kiumbe, wa kwanza na bora kuliko wote lakini kiumbe. Mtaguso wa Nisea mwaka 325, kwenye mji ambao leo ni Iznik nchini Uturuki, ukakataa, na ndo maana mpaka leo Jumapili tunasali "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba". Watu wanaona kama maneno ya wasomi kushindana, ila Atanasi, aliyekuja kuwa askofu wa Aleksandria, alieleza kwa nini ni suala la kufa na kupona: kiumbe hata awe bora namna gani hawezi kutuunganisha na Mungu, kwa sababu yeye mwenyewe naye angehitaji kuunganishwa. Kama aliyekuja siyo Mungu mwenyewe basi hatujafikiwa. Hakuna ngazi ya katikati, hakuna nusu Mungu, ni Muumba ama kiumbe, na Wakristo wanakiri kwamba yule ambaye vyote vimeumbwa kwa yeye, Yohana 1:3, akatwaa mwili wa kiumbe kutoka kwa Bikira Maria, akala samaki, akachoka safari, akalia kaburini kwa rafiki yake.

Baada ya hapo hakuna namna ya kuudharau mwili tena. Ubatizo unatumia maji ya kawaida kabisa, hata yawe ya bomba la Dawasa, Ekaristi ni ngano na zabibu, wagonjwa wanapakwa mafuta. Neema haiogopi vitu.

Misibani utasikia mtu anawafariji wafiwa, "huu mwili ni nguo tu, yeye mwenyewe ameshaondoka". Anasema kwa upendo, naelewa, lakini angalia padri anachofanya pale pale: anaunyunyizia mwili maji ya baraka, anaufukizia ubani, kama anavyoifukizia altare. Nguo kuukuu haifukiziwi ubani. Kanuni ya Imani inamalizikia kwenye ufufuko wa wafu, siyo roho kutoroka duniani, na Paulo kwenye Warumi 8 anaongeza kwamba viumbe vyote vinaugua vikisubiri kuwekwa huru pamoja nasi. Kwahiyo mtu akikuuliza Mkristo anategemea nini, mwambie anategemea kwamba Mungu aliyemfanya awe na mwili atamrudisha na mwili wenyewe, na dunia hii atairekebisha, hatupi chochote alichokiita chema.