Undugu wa funguo za muziki

Mwanakwaya akiuliza "tunaimba kii gani?", anataka kujua do inakaa wapi. Ufunguo ndio huo: noti moja imefanywa nyumbani, na sita nyingine zinajipanga kwa kuifuata. Do ikiwa C, tunapata C, D, E, F, G, A na B. Ikiwa G, tunapata G, A, B, C, D, E na F shapu, yaani F iliyopandishwa nusu sauti, hatua ndogo kabisa kwenye kinanda.

Zitazame tena hizo mbili. Noti sita ni zilezile. Iliyobadilika ni F peke yake. Undugu wa funguo hupimwa hapo, kwa kuhesabu noti ambazo funguo mbili zinachangia. Upande wa pili, C inachangia noti sita na F pia, ambako B ndiyo inayoshuka nusu sauti. Msomaji wa solfa, muziki ulioandikwa kwa do, re, mi, huuona undugu huu karatasini: fe (fa iliyopandishwa) ikijitokeza mahali pa fa, mara nyingi wimbo unahamia ufunguo wa so; ta (ti iliyoshushwa) ikichukua nafasi ya ti, unaelekea ufunguo wa fa.

Panda hivyo kwa hatua ya tano, kama kutoka do hadi so, C, G, D, A, ukihamia funguo 12 utarudi C. Wanamuziki huuchora mzunguko huo kama uso wa saa. Zilizokaa mkabala, kama 12 na 6, ni C na F shapu: zinachangia noti mbili tu.

Kinanda ndicho kinachowachanganya wengi. C na D flati (D iliyoshushwa nusu sauti) zimepakana pale, mtu akadhani ni ndugu. Hesabu: zinachangia F na C, basi. Ndiyo maana mpiga kinanda akipandisha pambio nusu sauti kwenye ubeti wa mwisho, kanisa zima husisimka, na besi ambao hawakupewa noti mapema hupotea. Akihamia G, wengi huvuka bila kushtuka, kwa sababu noti sita za kule tayari zimo masikioni.

Halafu kuna meja, ambayo nyumbani kwake ni do kama funguo zote za hapo juu, na maina, ambayo nyumbani kwake ni la. Imba la, ti, do, re, mi, fa, so, la. Hujagusa noti ngeni, ila nyumbani sasa ni la, na majonzi yameingia. Hiyo ni A maina, pacha wa C meja. C maina ni jambo jingine: E, A na B zote zimeshuka. Jina ni lile la C, lakini kwenye ule uso wa saa imekaa na pacha wake, E flati meja, hatua tatu mbali.