Likizo "bila kikomo": kipengele cha kusoma mara mbili kabla ya kusaini

Kampuni za teknolojia za Marekani zinazoajiri watu Nairobi na Dar es Salaam hupenda kutangaza likizo ya malipo isiyo na kikomo. Masikioni ni tamu. Lakini angalia ilikotoka: sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo ya malipo. Kwa upande mwingine, jimbo kama California huzihesabu siku ulizolimbikiza kuwa mshahara wako, na ukiacha kazi lazima ulipwe. Chini ya mfumo wa bila kikomo kwa kawaida hulimbikizi chochote, hivyo deni hilo hufutika kwenye vitabu vya kampuni. Microsoft ilipoingia kwenye mfumo huu Januari 2023, kwa wafanyakazi wake wa Marekani wanaolipwa mshahara, ililipa siku zao zilizobaki.

Siupingi moja kwa moja. Ukipata msiba huanzi kupiga hesabu ya siku zilizobaki, na ule msongamano wa Desemba, kila mtu akikimbilia kumaliza likizo yake, hupungua.

Kasoro kubwa ni kwamba pasipo namba, mtu hajui kiasi cha haki. Ukiwa na siku 21, kuzidai si aibu. Zikiwa "zozote utakazo", kila ombi linageuka hisani ya meneja, na mchapakazi ndiye anayebaki ofisini. Kickstarter, kampuni ya Marekani ya kuchangisha fedha mtandaoni, iliuacha mfumo huu mwaka 2015, ikaweka siku 25.

Kwetu neno "bila kikomo" halifuti sheria, mradi wewe ni mwajiriwa. (Wengi husainishwa kama wakandarasi huru, hao hawana likizo ya kisheria, hata tangazo liseme nini.) Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa siku 21 za kazi kwa kila miezi 12. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 28 mfululizo, wikendi na sikukuu zikiwa ndani yake. Hicho ndicho kima cha chini.

Kwa hiyo daftari la likizo lisitupwe. Mfano wa Kenya: mtu ameachishwa baada ya miezi 8, ametumia siku 5. Miezi 8 mara 1.75 (siku 21 kugawanya kwa miezi 12) ni siku 14. Toa 5, anadai malipo ya siku 9. Mwajiri asiye na kumbukumbu ataonyesha nini mbele ya mahakama ya kazi?

Kama wewe ndiye unayeandika sera, taja siku za lazima, angalau zile za kisheria, na wiki mbili kati ya hizo zichukuliwe kwa mkupuo. Andika nani anaidhinisha, ndani ya siku ngapi, na kwamba akikataa atoe sababu kwa maandishi na tarehe mbadala. Likizo ya ugonjwa na ya uzazi zikae kwenye vipengele vyake. Zina masharti yake ya malipo na vyeti, na ukizichanganya humo, anayeumwa ataonekana amekula likizo. Taja pia anayekaimu. Likizo isiyo na makabidhiano huishia mtu kujibu barua pepe akiwa ufukweni Diani.

Kila robo mwaka, chapisha orodha ya siku zilizochukuliwa kwa kila idara, ukianza na mameneja.