Shahidi aliyeogopa si mwongo

Chukua kambisti, yaani mbadilisha pesa, mwenye meza yake pembeni ya soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Saa moja jioni wawili wanashuka kwenye pikipiki, mmoja anamwekea bastola kifuani, wanabeba pesa, wamekwenda. Kesho yake mbele ya polisi anaieleza bastola vizuri kabisa: nyeusi, mpini umezungushiwa utepe wa skochi. Na sura ya mwizi? "Alikuwa mrefu." Watu wanaguna: mlikuwa uso kwa uso, unamficha nani?

Hamfichi mtu. Mwaka 1987 huko Marekani, mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na wenzake waliwaonyesha watu picha za mteja mgahawani. Kwa wengine ameshika cheki, kwa wengine bastola. Walipopima mwendo wa macho, waliona bastola inatazamwa mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na mwenye kuishika hakukumbukwa vizuri.

Woga wenyewe nao una kazi yake. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2009, wageni wa jumba la kutisha jijini London walikutana gizani na mwigizaji, kisha wakaombwa kumtambua kati ya picha tisa. Walioogopa kidogo walimpata kwa asilimia 75. Walioogopa sana, asilimia 17. Na huyo alikuwa mwigizaji tu, tiketi wamelipa wenyewe!

Sisemi woga unafuta kila kitu. Kiini cha tukio mara nyingi hubaki: walikuwa wangapi, walifanya nini. Sura ya mgeni ndiyo hupotea upesi.

Kinachonisumbua zaidi ni simu. Kabla kambisti hajahojiwa, mtu wa kartie, mtaani kwake, ameshamtumia picha ya kijana fulani kwa WhatsApp: "Si huyu?" Akiitazama mara tatu, nne, ile nafasi tupu kichwani inapata sura. Siku ya kumtambua atanyoosha kidole bila kusita, naye anaamini kabisa anachosema. Kwetu, ambako kelele ya "mwizi!" inatosha kuleta matairi na petroli, kidole hicho kinaweza kuua.

Kwa hiyo ndugu wa shahidi, msimwonyeshe picha. Mpeni maji, akae, aeleze mwenyewe bila kukatwa, na maneno yake ya kwanza yaandikwe siku hiyohiyo, kabla majirani hawajaanza kumsaidia kukumbuka. Afisa naye aulize "alivaaje?", asiulize "alivaa koti jekundu, siyo?" Na shahidi akisema "sura sikuiona", iandikwe hivyohivyo.