Je, wajua kwa nini spika isiyo na boksi haina besi?

Chukua spika ya inchi 12 iliyotolewa kwenye boksi lake, iunganishe na amplifaya, halafu weka wimbo wenye besi nzito. Mwimbaji utamsikia, gitaa utalisikia, ila besi haipo. Ukiongeza sauti, koni, yaani ile sehemu pana ya mbele ya spika, inatikisika kwa nguvu lakini kishindo hakiji. Wengi hapo huilaumu spika na kwenda kununua nyingine yenye sumaku kubwa zaidi, kumbe ile ya kwanza ni nzima kabisa. Inachodai ni mbao.

Koni ikisogea mbele, inaisukuma hewa ya mbele yake na wakati huohuo inaivuta ile ya nyuma. Kwa hiyo kila spika inatoa sauti mbili zinazopingana: upande mmoja ukiikandamiza hewa, wa pili unailegeza. Kwenye sauti nyembamba hilo halina madhara makubwa, kwa sababu mawimbi yake ni mafupi. Sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 34 hivi. Besi ya mitetemo 50 ina wimbi la karibu mita 7, na wimbi la ukubwa huo linazunguka ukingo wa spika kana kwamba hakuna kitu. La nyuma linakutana na la mbele, yanafutana, na wewe unabaki na ukimya.

Unaweza kulithibitisha hili nyumbani. Toboa tundu kwenye kipande kipana cha plaiwudi, ifunge spika hapo kwa skrubu, piga wimbo uleule. Besi inaanza kurudi hata kabla hujaweka ubavu mmoja wa boksi, maana sauti ya nyuma sasa ina safari ndefu ya kuzunguka. Boksi linaifungia njia hiyo kabisa.

Boksi lililozibwa pande zote lina jambo lake. Hewa iliyo ndani inageuka springi inayoirudisha koni mahali pake, na boksi likiwa dogo mno springi hiyo inakuwa ngumu, besi ya chini inakatika. Kwetu Nyanda za Juu Kusini kuna kitu kizuri kinachotokea hapo. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar es Salaam. Hewa ya ndani ya boksi nayo inalegea kwa kiasi hichohicho, hivyo boksi lililozibwa likipandishwa kutoka Dar linafanya kazi kama limeongezwa ukubwa kidogo.

Aina ya pili ni boksi lenye tundu au bomba. Puliza juu ya mdomo wa chupa tupu ya soda, utasikia mvumo mmoja mzito. Boksi na bomba lake vinavuma kwa kanuni hiyohiyo. Fundi akipatanisha ukubwa wa boksi na urefu wa bomba, sauti ya nyuma inatoka ikiwa imegeuzwa na inaisaidia ya mbele badala ya kuipinga. Albert Thuras wa maabara za Bell, Marekani, aliombea hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) mbinu hii mwaka 1930. Baadaye wahandisi Neville Thiele na Richard Small walitoa hesabu za kupatanisha boksi na spika ambazo watengenezaji wanazitumia hadi leo. Kukata bomba kwa kukisia ni kujitafutia hasara: chini ya mvumo wa boksi koni inakosa kizuizi, inaruka kupita kiasi, na koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inaweza kuharibika.

Sasa kuta, ambako naona mafundi wengi wanabana matumizi mahali pasipostahili. Koni ya inchi 12 ina eneo la sentimita za mraba 500 hivi. Ubavu wa sentimita 40 kwa 60 una 2,400. Ubavu huo ukitetemeka hata kidogo, nao unakuwa spika, tena spika mbaya. Ndiyo maana plaiwudi ya milimita 18 ni bora kuliko ya 9, na viungo vya mbao ndani, yaani vipande vya kukaza kuta, visivyowekwa katikati kabisa, vinanyamazisha ukuta. Gonga kwa vidole: ukisikia ngoma, ongeza kiungo.

Mbao hatuna uhaba nazo. Shamba la Miti la Sao Hill liko Mufindi, na paini inapita Mafinga kila siku. Lakini mbao mbichi ya paini ikikaukia kwenye boksi inajikunja, inapasua maungio, na upenyo mwembamba tu unatosha kuvuza hewa na kutoa mluzi. Plaiwudi haichezi namna hiyo. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, inalainika vizuri na haivumi ovyo, ila ikinywa maji inavimba na hairudi. Kwa boksi la kwaya linalobebwa kwenye pikapu kwenda Tukuyu wakati wa masika, mimi sitaichagua.

Hapo ndipo umaliziaji unapokuwa zaidi ya urembo. Paka gundi nyeupe ya mbao kwenye kila ungio, kaza, acha ikauke, kisha pitisha gundi nyingine kwenye kona za ndani. Piga msasa namba 80, halafu 120, halafu 240. Kingo zilizokatwa ndizo zinazonyonya unyevu zaidi, kwa hiyo zipake sila (dawa ya kuziba vitundu vya mbao) mara mbili kabla ya rangi au vanishi, na upande wa chini usiusahau, maana ndio unaokaa kwenye sakafu ya baridi.

Ukiwa na maboksi mawili, gusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwenye nyaya za kila spika, chanya kwa chanya. Koni zote zisogee nje. Moja ikiingia ndani, geuza nyaya zake, la sivyo maboksi yenyewe yataanza kufutiana besi.